Simu ya shangazi imesogea saa nzima

Mama Amani, umesema mwanao haelewi kwa nini shangazi yake wa London, aliyekuwa akipiga simu saa moja jioni, sasa anapiga saa mbili. Achana na ramani. Tafuta saa kuukuu mbili, moja iwe ya Nairobi, nyingine ya London. Ya Nairobi msiiguse: tuko karibu na ikweta, jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Ya London airudishe nyuma saa moja mwenyewe, kama Waingereza wafanyavyo Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Shangazi anapiga saa ileile ya kwake, ila kwetu sasa ni saa moja baadaye. Machi wataisogeza mbele, maana majira yao ya joto jua huchomoza watu wangali wamelala, heri mwanga huo wauhamishie jioni. Wangu aliuliza ile saa moja huwekwa wapi. Nikamwambia kabatini, hadi Machi.