Kwa nini mchezaji anaongeza mkataba wakati angeweza kusubiri aondoke bure

Mkuu, umeuliza kwa nini mchezaji asitulie mpaka mkataba uishe, aondoke bure, halafu lile dau ambalo klabu ingelipwa aliweke yeye mfukoni. Naona wengi wamekujibu kwa kumtaja Mbappé, yule Mfaransa aliyeondoka PSG ya Paris bure. Mimi nina mdogo wangu, beki wa kushoto, amecheza Ligi Kuu hapa hapa Dar, na mikataba yake nimekuwa nikikaa naye mezani, kwa hiyo nitajibu kwa upande huo.

Kwenye kanuni uko sahihi kabisa. Mkataba ukibakiza miezi sita, FIFA inamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine, na tangu hukumu ya kesi ya mchezaji Bosman mwaka 1995 kule Ulaya mkataba ukiisha klabu haina cha kudai. Shida ipo kwenye hiyo miezi sita.

Kwetu mshahara ni wa kula. Kiwanja Chanika kinanunuliwa na pesa ya usajili, na pesa hiyo inatoka siku ya kusaini. Dogo alipobakiza mwaka mmoja klabu ikaleta nyongeza ya miaka miwili. Tukakutana mgahawani Sinza, kiongozi kaja na karatasi zake kwenye bahasha ya kaki: nusu ya usajili siku hiyo hiyo, nusu kwa awamu. Mjomba wetu, ambaye mpira anaujua kwa redio, akashikilia asubiri, Januari atatafutwa na wakubwa. Dogo akamjibu kwa adabu tu: "Mjomba, goti likienda Desemba, nani atanitafuta?"

Mezani pakawa kimya. Mwenye nyumba wake alikuwa anadai kodi ya miezi sita, na mwenye nyumba wa Dar hapokei ahadi ya Januari.

Halafu kuna benchi. Mwenzake mmoja waliyecheza naye alikataa kuongeza, na hakuna aliyemgombeza. Alianza kuingia dakika ya 80, baadaye akawa anakaa jukwaani na suti ya mazoezi. Klabu haimpi namba mtu atakayeondoka bure wakati ina kijana wa kumkuza na kumuuza. Sasa wewe uliyekaa nusu msimu bila kucheza, hao wakubwa watakuona wapi? Na mashabiki wetu mnawajua. Ikivuma tu kwamba mkataba unaelekea ukingoni, pasi moja ikipotea basi "kashasaini kule". Kwa anayechezea Msimbazi (Simba) au Jangwani (Yanga) hiyo ni adhabu tosha.

Wanaofaidi kuondoka bure ni wale ambao mnunuzi keshajulikana. Mbappé 2024 alikuwa na Real Madrid inayomsubiri, beki Alaba 2021 vivyo hivyo. Kiungo Clatous Chama naye alimaliza mkataba na Simba 2024 akavuka Yanga, lakini huyo jina lake lilikuwa linajiuza. Mtazame Lingard: aliondoka Manchester United 2022 akiwa huru, akapata mwaka mmoja Nottingham Forest, kisha akakaa bila timu tangu katikati ya 2023 mpaka FC Seoul walipomchukua Februari 2024. Na yule ni mchezaji aliyeichezea timu ya taifa ya Uingereza.

Kitu kingine, hiyo "bure" kwa vijana si bure. Klabu ya nchi nyingine ikimchukua mchezaji ambaye hajavuka umri wa miaka 23, inaweza kudaiwa fidia ya mafunzo na klabu zilizomlea, hata kama mkataba umeisha. Kuna klabu zikipiga hesabu hiyo zinaghairi.

Na kuongeza mkataba hakumaanishi kubaki. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Winga Dembélé, mkataba wake na Barcelona uliisha Juni 2022, akasaini tena Julai, na mwaka uliofuata PSG wakamchukua kwa kulipa euro milioni 50 zilizoandikwa kwenye mkataba huo mpya. Mchezaji mwenye akili anasaini ili auzwe vizuri. Akiuzwa nje, zile asilimia 5 za ada ya uhamisho, zinazoitwa za mshikamano, zinagawiwa timu zilizomlea, pamoja na ile ya mchangani kama usajili wake uliwekwa kumbukumbu. Akiondoka bure hakuna ada, kwa hiyo hawapati senti ya mshikamano.

Sisi tulisaini, ila si siku ile. Nilikaa na zile karatasi usiku kucha nikakuta kipengele kinachoipa klabu haki ya kuongeza mwaka wa tatu bila kumuuliza mchezaji, kwa mshahara ule ule. Kikafutwa kwa kalamu, pande zote mbili zikaweka sahihi pembeni, tukaandika kiasi cha kumwachia ikija ofa ya nje, na tarehe za awamu zikatajwa moja moja. Ya kwanza ililipwa siku yake. Ya pili ilichelewa mpaka tulipopeleka barua yenye zile tarehe, ikalipwa.