Utakatifu na wifi mkorofi ndani ya nyumba

Dada pole. Umeuliza utaupataje utakatifu wakati siku nzima ni kufua, kupika na wifi anakuchokoza. Mimi nakwambia mwangalie Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu wa Lisieux, Ufaransa. Aliingia Karmeli, yaani monasteri ya masista, 1888 akiwa na miaka 15, akafariki 1897 ana 24 tu, na humo ndani kazi zake zilikuwa kama zako, kufua, kufagia, kuvumiliana na watu. Siku moja wanafua, sista wa mbele yake anamrushia maji machafu usoni kila akipiga kitambaa, akatamani arudi nyuma ajifute ili mwenzake ajishtukie, lakini akabaki palepale akayapokea, hakusema kitu. Kulikuwa na sista mwingine anamkera kwa kila kitu, Teresa akawa anamwombea, anamsaidia, anamtabasamia, mpaka yule akamuuliza unanipendea nini hasa! Na huyu Teresa, 1997 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake yanafaa Kanisa zima.

Sasa wewe usianze na novena ndefu, zile sala za siku tisa, utachoka, anza na wifi, leo akianza mjibu kwa upole mara moja tu. Ila kama anakutukana au kukupiga hiyo usinyamazie kabisa, mwambie mumeo, ikishindikana nenda kwa paroko.