Bibi wa sukari anayefunga kwa siri

Mdogo wangu, umesema bibi wa wodini kwenu Wete anachoma insulini, dawa ya kushusha sukari, na anafunga Ramadhani kwa kificho, nawe umeshamgombeza mara mbili. Usimgombeze tena. Akikuogopa atakuficha, na hatari iko hapo: dozi ileile ya asubuhi kwenye tumbo tupu, alasiri sukari inaporomoka. Kaa naye, muulize alikula nini daku na alichoma saa ngapi. Mweleze daktari leo hii. Kubadilisha dozi si kazi yako wala ya mwanawe. Kuchoma kidole kupima hakuvunji saumu, wanazuoni wengi wamelisema hilo. Kipimo kikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, afungue papo hapo, hata ikibaki nusu saa magharibi iingie. Aya ya 185 ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyengine. Akiridhia, mwite imamu wa mtaani kwake amwambie. Humwingia zaidi kuliko maneno yetu sisi wauguzi. Andika yote kwenye faili, umkabidhi mwenzako wa zamu ya usiku, maana daku huliwa mikononi mwake.