Elimu tulipewa, siri ilitunzwa na nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama elimu ya usalama mitaani na ushirikiano wa raia na polisi umepunguza uhalifu tunakoishi. Nilisoma swali hilo nikiwa dukani na nikataka kujibu neno moja tu: hapana. Limekataa kutoka peke yake.

Naishi Nakuru, mtaa sitautaja na mtaelewa kwa nini. Si Milimani kwa wenye mali. Ni huku kwa ploti za vyumba kumi na viwili, choo kimoja, na kamba ya nguo ambayo ukigeuka tu suruali ya mtoto imeenda. Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kujuana na kuwapa polisi habari, tunaijua vizuri. Ilipoletwa 2013 baada ya shambulio la kigaidi la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Joseph Kaguthi akipewa kazi ya kuisimamia, wazee wetu walisema hiyo ni ya Watanzania, balozi wa nyumba kumi alikuwepo kule tangu enzi za chama cha TANU. Sheria ya polisi ya 2011 nayo inataka kuwe na kamati ambamo raia na polisi wanaketi pamoja. Kwa hiyo msiniambie tulikosa mpango. Mabaraza tumeketi mpaka jua likatuchoma utosi.

Baraza ninalotaka kuwaeleza ni la 2019, siku ya Alhamisi, saa nane mchana, uwanjani mwa shule. Alikuja afisa mgeni, kijana mpole, na chati aliyoifunga kwenye mti kwa kamba ya katani. Alifundisha vizuri, hilo namshuhudia. Washa taa ya nje. Jua jirani yako anaitwa nani na anafanya kazi gani. Usimtangazie kila mtu kwamba unasafiri. Ukisikia nduru, tokeni wengi, usitoke peke yako. Mshukiwa akishikwa asichomwe, pigeni 999 au 112. Tulimpigia makofi. Kisha akasema mwenye habari yoyote amfuate pembeni baada ya mkutano, jina lake halitatoka.

Jirani yangu, nimwite Mama Brayo, alikuwa akiuza chapati na maharagwe mbele ya ploti yetu. Mtu wa kibanda huona kila apitaye. Alijua mitungi ya gesi iliyokuwa ikiibwa inaingia mlango upi saa kumi alfajiri, na pikipiki ipi huja kuichukua. Alinitazama. Mimi ndiye niliyemgusa kwa kiwiko nikamwambia, nenda dada, si umesikia. Akaenda. Nilimshikia mtoto nikiwa hatua chache tu kutoka pale. Walizungumza kama dakika tano, mzee wa mtaa akiwa kando yao, na watu wote wa baraza wakipita kwenda makwao wakiwaona.

Jumamosi jioni vijana watatu walikuja kibandani. Waliagiza chapati mbili mbili, wakala polepole, wakasifu mkono wa mpishi. Wakati wa kulipa, mmoja akamuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Mama, kwani saa kumi alfajiri wewe huwa hujalala?" Saa kumi alfajiri, maneno yake mwenyewe. Wakalipa hela zote, wakaongeza shilingi hamsini, wakasema hiyo ni ya Brayo, anunuliwe peremende.

Hawakumgusa. Nimeiwaza sana ile hamsini. Wangempiga, tungepiga nduru na kutoka wengi, chati ilikuwa imetufundisha. Lakini ufanye nini na mtu aliyekulipa vizuri, akakutajia mtoto wako kwa jina? Mama Brayo aliiweka ile noti juu ya meza, hakuitia mfukoni. Jumapili hakuwasha jiko. Jumatatu asubuhi alipanda matatu kurudi kwao Butere na mtoto mgongoni, sufuria yake kubwa akaniachia kwa sababu haikuingia.

Tangu siku hiyo nimesema polisi ndio waliomchongea, na nilianza barua hii nikikusudia kuandika hivyo. Sasa nahesabu waliojua. Afisa, mzee wa mtaa, yeye mwenyewe, na mimi. Na mimi Alhamisi ile usiku nilimsimulia mume wangu tukila, shemeji yangu wa boda boda akiwa pale pale na mlango u wazi. Nilisimulia kwa fahari, kwamba mtaa wetu umeanza kusema. Shemeji simtuhumu. Dhidi ya yule afisa na yule mzee pia sina ushahidi. Ila siwezi tena kuapa kwamba siri haikutokea kwangu.

Hapo ndipo hapana yangu imelegea. Mwaka jana kijana wa miaka kama kumi na saba alishikwa na simu ya mtu karibu na taa yetu ya mulika mwizi. Tairi ilikuwa imeshaletwa. Wanawake wa ploti yetu, wale wale wa baraza la 2019, walimzunguka wakasema hachomwi mtu hapa, wakakaa naye hadi gari la polisi likafika. Yule kijana anapumua kwa sababu ya chati ile. Na ploti yetu tangu tuanze kufunga geti saa nne na kujuana kwa majina, mitungi haipotei ovyo.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, inasaidia, lakini haijamfikiria yule anayesema. Usimwite mtu pembeni mbele ya mtaa mzima. Mpe namba apige akiwa kwake. Ile laini ya bure ya Fichua kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, 0800 722 203, itangazwe barazani kabla ya maombi ya kufunga. Sheria ya kulinda mashahidi ipo tangu 2006, lakini muuza chapati ataanzia wapi kuitafuta? Na sisi wasikilizaji tufundishwe kufunga midomo hata mbele ya mume. Baada ya wale wanawake kuuawa mtaa wa Mawanga, hapa Nakuru, 2022, kila mkutano ulituambia "toeni habari". Sikusikia hata mmoja ukituambia tuitunzeje habari ya jirani.

Labda kwa wenzetu wa Kisumu au Kakamega mambo ni tofauti. Mimi nasema ya kwetu.

Sufuria ya Mama Brayo bado ninayo. Huwa tunapigiana simu, tunaulizana watoto, ila habari ya kile chakula cha jioni sijawahi kumwambia. Nitampigia leo, kabla hamjachapa hii.