Tarumbeta kuchelewa kuitika: tusianze na unene wa shaba

Ndugu, umeuliza kama tarumbeta ya shaba nyembamba huitika upesi kuliko nzito, kwa sababu yako inasita kwenye noti za juu. Nimepuliza katika kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu wa Kilutheri (KKKT), Moshi, kwa miaka 19, na kwa muda mrefu niliamini hivyo hivyo.

Unapoanza noti, midomo hutangulia kutetemeka yenyewe. Wimbi la sauti husafiri hadi kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, sehemu yake hurudi, na marejeo hayo ndiyo yanayoishika midomo na kuituliza kwenye noti. Bomba la tarumbeta ya B-flati lina urefu wa takriban mita 1.4, hivyo safari ya kwenda na kurudi huchukua kama sekunde 0.008. Kwenye Do ya juu kabisa, yenye mitetemo ipatayo 930 kwa sekunde, midomo hutetemeka mara saba hivi kabla ya kupata msaada wowote, na ndiyo maana noti hizo hazisamehe kasoro ndogo ya njia ya hewa. Kingo au pengo lolote ndani ya bomba hurudisha mwangwi wake mapema, ukaivuruga midomo ambayo bado inatafuta noti.

Yangu niliiona nzito na ngumu hadi fundi aliponionyesha kwamba felti (vitambaa vinene vinavyozuia) za pistoni, zile vali tunazobonyeza kwa vidole, zimechakaa, na matundu ya pistoni hayalingani tena na mabomba. Alibadilisha felti tu. Shaba ilibaki ile ile, nayo tarumbeta ikaanza kuitika. Kagua pia kizibo cha tundu la kutolea maji, maana kikivuja hata kidogo noti hulegea.

Kuhusu shaba yenyewe, Richard Smith, mwanafizikia na mtengenezaji wa tarumbeta wa Uingereza, aliwapa wapiga tromboni vyombo ambavyo shaba ya mdomo wake mpana ilikuwa na unene tofauti, bila wao kujua kipi ni kipi, nao wakashindwa kuvitofautisha. Hata hivyo simwambii mtu kwamba anajidanganya, kwa kuwa mtetemo wa chombo chepesi hufika kweli mikononi na kwenye meno, ingawa aliyeketi kwenye benchi la nyuma kanisani hausikii.

Kabla ya kununua nyingine, zungushia mkia wa kikombe cha kupulizia ukanda mwembamba wa karatasi ili kitoke nje kama milimita moja na pengo kati yake na bomba libadilike, upulize noti zile zile, kisha utuandikie zipi zimebadilika.