Mgeni Mwenye Sifa Mbaya: Siku ya Tatu Mpe Jembe

Juzi nimepokea ujumbe mrefu kutoka kwa nahodha mmoja wa timu ya mpira wa kikapu. Uongozi wao umemsajili mchezaji ambaye msimu uliopita alilitukana karibu benchi lao zima, akatolewa uwanjani kwa kumsukuma refa, na wakati anatoka akawaonyesha mashabiki wao ishara ambayo siwezi kuiandika hapa. Sasa huyo huyo Jumatatu anakuja mazoezini akiwa na jezi yao. Wachezaji wawili wameshasema wanaondoka. Nahodha anauliza afanyeje, ingawa ukiusoma ujumbe wake vizuri unaona anachotaka hasa ni nimwambie kwamba uongozi umekosea.

Simwambii hivyo. Huenda umekosea, huenda haukukosea, ila usajili ukishapita hoja hiyo inabaki ya vijiweni. Mimi nimeshakaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na mtu wa namna hiyo, tukanuniana, tukatupiana maneno, na mwisho wa msimu kombe tukalibeba. Nadhani nina haki ya kusema mawili matatu.

Huyu wetu simtaji jina. Alipokuwa timu pinzani alinipasua mdomo. Tulikuwa chini ya kikapu tunagombea ribaundi, yaani mpira uliorushwa ukakosa kikapu, mimi nimeshajiweka mbele yake na kumfungia njia, yeye akapitisha kiwiko kwa juu. Refa alikuwa anaangalia upande mwingine. Nilishonwa, na mpaka leo nikinywa kitu cha moto ule mdomo wa juu unanikumbusha. Msimu uliofuata nikafungua simu asubuhi, nikakuta kwenye grupu la timu picha yake ameshika jezi yetu, na chini yake viongozi wamejaza alama za makofi. Nahodha nilikuwa mimi. Hakuna aliyenipigia hata dakika moja kabla. Kile kiwiko nilishakisamehe. Ile asubuhi bado.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauendi kwa mgeni, unakwenda kwa wenyeji. Oktoba 1995 Chicago Bulls, wa ligi ya Marekani ya NBA, walimchukua Dennis Rodman kutoka San Antonio Spurs, wakamtoa Will Perdue. Kila mtu anazikumbuka nywele za rangi na vituko. Wanachosahau wengi ni kwamba Rodman huyo, enzi zake za Detroit Pistons, ndiye aliyemsukuma Scottie Pippen wa Bulls kwa nyuma kwenye fainali ya Kanda ya Mashariki mwaka 1991, Pippen akaruka nje ya mstari na kushonwa kidevu. Kabla ya kumchukua, Bulls waliwauliza nyota wao, Michael Jordan na Pippen. Wakakubali. Msimu ule wa 1995-96 wakashinda mechi 72, wakapoteza 10, na ubingwa wakauchukua. Sisemi walishinda kwa sababu waliulizana. Ukiwa na Jordan unaweza kukosea mengi na bado ukashinda. Nasema Pippen hakuletewa mtu aliyemuumiza bila yeye kupewa nafasi ya kukataa.

Kwa hiyo viongozi mnaosoma hapa, ulizeni. Hata kama mmeshaamua, ulizeni. Na wewe nahodha ambaye hukuulizwa, usikae unasubiri kuombwa radhi, maana utasubiri sana. Mimi nilimwendea kocha nikamwambia nataka kukaa na huyu mtu kabla hajakanyaga mazoezini, sisi watatu tu. Tukakaa. Nilitegemea angeanza na mdomo wangu. Akasema, "Ule ulikuwa mchezo." Basi. Hakuongeza neno.

Ningeweza kuinuka nikaondoka, na wapo waliosema ningefanya hivyo ningekuwa na haki. Ila pole yake isingenisaidia kushinda mechi. Nilitaka vitu viwili anavyoweza kuvifanya hata akiwa amekasirika. Kwanza, refa anazungumza naye nahodha. Yeye akipulizwa faulo ageuze mgongo na atembee. Pili, akitolewa anakwenda moja kwa moja kukaa pembeni ya kocha msaidizi, hapiti mbele ya benchi la wapinzani. Akakubali kwa kutikisa kichwa. Kocha akashuhudia. Usimwambie mtu kama huyu "uwe na nidhamu", kwa sababu anaamini anayo. Mwambie akipulizwa faulo miguu yake iende wapi.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa aibu. Watano kwa watano, na mpira ukawa unazunguka kila mahali isipokuwa kwake. Alikuwa peke yake kabisa kwenye kona, mkono juu, na mlinzi wetu anayepanga mashambulizi alimtazama usoni, akageuka, akapiga pasi upande ambao watu wamebanana. Mpira ukaibwa. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu mgeni akaushusha mkono na hakuuinua tena. Hakulalamika, na nikiri hapo alinishangaza.

Kocha wetu hakutoa hotuba. Alipuliza filimbi akabadilisha hesabu: kuanzia sasa kikapu hakina pointi, ribaundi ndiyo ina pointi. Nani anataka kuwa upande wa nani? Kukawa kimya kidogo, halafu yule yule mlinzi aliyemnyima pasi akavuka upande akasimama karibu yake. Dakika chache baadaye walikuwa wanagongana viganja bila kuangaliana. Kama wewe ni kocha, ichukue mbinu hii bure. Maneno kuhusu umoja yanaingia sikio hili na kutokea lile, lakini mchezaji yeyote anajua kuhesabu pointi.

Hapa ndipo penye jembe. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na naona timu nyingi zinafeli kwa sababu zinampa mgeni maarufu shamba zima. Rodman pale Chicago hakuombwa kufunga. Msimu ule wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 5.5 tu kwa mechi, lakini ribaundi 14.9, akaongoza ligi nzima. Kufunga kulikuwa na wenyewe. Wetu alitoka timu ambako kila mpira ulipita mikononi mwake, na kocha akamwambia bila kupepesa: kazi yako ni kumkaba mfungaji wao bora na kuokota mipira, kurusha tutazungumza baadaye. Alinuna karibu wiki. Halafu akaanza kuja mapema, anasimama chini ya kikapu na kuniomba nirushe kutoka pembeni, anaangalia tu mpira unakoangukia ukigonga chuma. Nikirusha kutoka kona ya kulia, ukikosa mara nyingi unadondokea kushoto. Alikuwa ananisoma mimi, aliyenipasua mdomo, anajua mipira yangu inakosea wapi kuliko ninavyojua mwenyewe. Sikumpenda, lakini kuanzia siku ile nilijua tutashinda.

Upande wa pili upo pia. Novemba 2008 Detroit Pistons walimchukua Allen Iverson, wakamwachia Chauncey Billups aende Denver Nuggets. Iverson alikuwa nyota asiye na ubishi, ila pale alihamishiwa benchi na akasema wazi kwamba bora astaafu kuliko kuwa mchezaji wa akiba. Pistons wakamaliza na ushindi 39 na vipigo 43, wakafagiwa 4-0 na Cleveland Cavaliers raundi ya kwanza ya mtoano. Billups naye akaifikisha Denver fainali ya Kanda ya Magharibi. Mtu anapokuja, ajue jembe lake ni lipi kabla ya kusaini, siyo aje kuambiwa msimu unaelekea ukingoni.

Mechi za mwanzo nazirukia, zilikuwa mechi tu. Niende kwenye hasira, maana ndiko msomaji wangu anakoogopa.

Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, faulo ya kiufundi, ile ya utovu wa nidhamu kama kumfokea refa, inawapa wapinzani mtupo huru mmoja, inaingia kwenye zile faulo tano zinazomtoa mchezaji na pia kwenye faulo za timu za robo hiyo. Mbili za namna hiyo kwa mchezaji mmoja, anatoka nje. Kwa hiyo mdomo wake si wa kwake peke yake, unalipiwa na wote. Waelezeni hilo kwa hesabu, siyo kwa maadili. Rasheed Wallace alipigiwa faulo za kiufundi 41 msimu wa 2000-01 akiwa Portland Trail Blazers. Februari 2004 akahamia Detroit, na Juni hiyo hiyo walikuwa mabingwa, wakiwapiga Los Angeles Lakers 4-1. Hakugeuka malaika njiani. Alikuta timu inayojua inataka nini kutoka kwake.

Na atakosea, usijidanganye. Rodman, Machi ya msimu ule wa ushindi 72, alimpiga refa kwa kichwa na kufungiwa mechi 6. Januari 1997 akampiga teke mpiga picha, zikawa 11. Bulls waliendelea kushinda kwa sababu walijua kucheza bila yeye. Wetu alipiga teke kiti mbele ya mashabiki wetu wenyewe, katikati ya msimu. Kocha akamkalisha mechi iliyofuata, adhabu ile ile aliyowahi kumpa mchezaji wetu kipenzi kwa kosa kama hilo. Siku ile niliwaangalia wenzangu: wale waliokuwa wakimsema chinichini walinyamaza, kwa sababu walikuwa wanasubiri aidha abebwe au aonewe, wakakosa vyote viwili.

Nawasema wale wachezaji wawili wanaotaka kuondoka, na nawasema kwa upendo. Ndugu zangu, mnataka kombe au mnataka marafiki? Rafiki unampata popote. Rodman mwenyewe amewahi kueleza kwamba miaka yake mitatu Chicago hakuwa na mazungumzo na Jordan wala Pippen nje ya uwanja, na miaka hiyo mitatu walichukua ubingwa yote mitatu. Usilazimishe watu wale pamoja, wacheke pamoja, wapige picha pamoja. Lazimisha pasi. Lazimisha kusaidiana kwenye ulinzi. Mengine yakija, sawa.

Ila asiachwe peke yake kabisa. Msimu wa 1995-96 Bulls walikuwa pia na Jack Haley, aliyekuwa rafiki wa Rodman tangu San Antonio, na msimu mzima wa kawaida Haley alicheza mechi 1 tu. Sisi hatukuwa na nafasi ya kusajili rafiki wa mtu. Kijana mmoja wa akiba alikuwa anarudi nyumbani njia moja naye, na ikatosha. Mgeni akikasirishwa na kocha, yule kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, na mimi wa pili. Tafuteni mtu huyo mapema. Asiwe nahodha, nahodha ana watu wengine wa kuwabembeleza.

Kombe tulilibeba, nimeshasema, na nitasema tena nikipata nafasi. Kwenye sherehe viongozi walimshukuru mgeni, wakamshukuru kocha, wakajishukuru wenyewe kwa kuwa na jicho la usajili. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili.

Alikaa nasi msimu mmoja akaondoka, hakuaga mtu zaidi ya yule kijana wa akiba. Wiki chache baadaye nahodha wa timu yake mpya akanipigia, sauti ile ile ya msomaji wangu wa juzi. Nikamwambia: wakati wa mapumziko usimgombeze mbele za watu, mvute pembeni. Mechi ya kwanza mpe mtu wa kukaba, siyo mpira. Filimbi ikilia, wewe uwahi kwa refa kabla yake. Na mpe namba ya jezi anayoitaka, maana kwenye hilo hasikii la mtu na halina hasara. Akaniuliza kama tunamkosa. Nikamwambia ribaundi zake, sana.