Chakula gani kinakusumbua tumbo? Acha kwa muda, kisha rudisha kimoja kimoja

Mtu mwenye gesi, tumbo kujaa na choo kisichoeleweka hupewa ushauri na kila anayekutana naye. Huyu anamwambia aache maziwa, yule ngano, mwingine maharage. Anaacha vyote, anapata nafuu, na mwaka unapita bado anakula wali na kuku wa kuchemsha huku akiiogopa chapati. Amefanya nusu ya kazi. Kuacha ni maandalizi. Jibu linapatikana wakati wa kurudisha, na hapo ndipo wengi huishia njiani.

Kabla ya kubadilisha chochote jikoni, nenda ukapime. Choo kipimwe minyoo na vimelea vya amiba na giardia. Kama maumivu yako kwenye chembe ya moyo, ulizia kipimo cha bakteria wa H. pylori. Kipimo cha damu cha seliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, inaufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe, kifanyike ukiwa bado unakula ngano. Ukishaiacha kwa wiki kadhaa, majibu yanaweza kusema huna wakati unao. Choo chenye damu au cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, chakula kukwama kooni: hayo mpelekee daktari, usiyatafutie mlo. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na aliyewahi kujinyima chakula kupita kiasi wasijaribu bila msimamizi. Vivyo hivyo mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge, kwa sababu ukipunguza wanga na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi ukazimia.

Muda wa kuacha ni wiki 2 hadi 6. Usianze mwezi wa Ramadhani, wala wiki ya harusi au safari. Ondoa maziwa yote pamoja na ya unga. Ngano, yaani chapati, mandazi, mkate na tambi. Maharage, kunde, mbaazi, choroko na dengu. Kitunguu maji na kitunguu saumu. Embe, tikiti na tufaha. Soda, juisi za boksi na pombe. Bado una wali, ugali, viazi mviringo, muhogo, ndizi za kupika, samaki, kuku, nyama, mayai, mchicha, karoti, nyanya, tango, papai, chungwa na nanasi. Ule ushibe. Anayeondoa chapati mbili za asubuhi bila kuweka kitu mahali pake atachoka, na atausingizia mlo. Weka viazi au muhogo wa kuchemsha na yai. Maziwa yakiondoka, dagaa wanaoliwa na mifupa yao watakupa madini ya chokaa.

Shida kubwa kwa mpishi wetu ni kitunguu, maana karibu kila mchuzi huanzia hapo. Kinachosumbua ndani yake ni fruktani, aina ya wanga ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga. Inafika kwenye utumbo mpana na bakteria wanaichachusha. Fruktani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo kaanga punje nzima tatu za kitunguu saumu katika vijiko vinne vya mafuta, moto mdogo, dakika tatu hivi, kisha zitoe zote kabla hujaweka nyanya au maji. Mafuta hayo yatumie siku hiyohiyo, usiyaweke kabatini. Kuokota vipande vya kitunguu kwenye mchuzi ulioshachemka hakusaidii kitu, kilichomo kimeshaingia kwenye maji. Majani mabichi ya kitunguu unaweza kutumia, kichwa cheupe acha.

Kisha kuna vinavyojificha. Unga wa lishe huwa na mahindi, soya, karanga, ulezi na pengine ngano kwa pamoja. Ukikuvuruga hutajua nani amefanya. Viungo vya pakiti huwa na kitunguu cha unga, na soseji nyingi huwa na ngano au soya. Supu ya mgahawani usiihesabu kuwa salama. Dona ni bora kuliko sembe, lakini kama umezoea sembe usihamie dona wiki hiyohiyo. Nyuzinyuzi zilizoongezeka ghafla huleta gesi zenyewe na jaribio linaharibika. Anayekunywa kahawa au chai kali kila siku, na anataka kuziacha nazo, apunguze taratibu kabla ya kuanza, la sivyo kichwa kitamuuma siku za mwanzo naye adhani chakula kimemdhuru.

Weka daftari. Andika saa, chakula, kiasi, na alama ya 0 hadi 10 kwa maumivu, gesi na tumbo kujaa. Choo kipe namba ya kipimo cha Bristol: 1 ni vigololi vigumu, 4 ni laini chenye umbo, 7 ni maji matupu. Andika pia usingizi, hedhi na dawa ulizomeza. Bila daftari utalaumu chakula cha mwisho kuliwa, na mara nyingi siyo hicho: laktosi, yaani sukari ya maziwa, husumbua ndani ya saa chache, lakini gesi ya maharage au kitunguu inaweza kuja jioni au hata kesho yake.

Wiki 6 zikipita bila nafuu yoyote, rudi kwenye mlo wako wa kawaida na utafute sababu nyingine pamoja na daktari. Ukipata nafuu, anza kurudisha. Chakula kimoja kwa siku tatu, kiasi kikipanda, halafu siku tatu za mapumziko kwenye mlo wa msingi, ule usio na vyakula ulivyoondoa. Hata kikikubali, kitoe kwanza hadi majaribio yote yaishe, ili kila kimoja kipimwe peke yake.

Maziwa: siku ya kwanza robo kikombe, ya pili nusu, ya tatu kikombe kizima cha mililita 250, chenye takribani gramu 12 za laktosi. Yanywe yenyewe, yasichanganywe kwenye chai pamoja na mandazi. Watu wazima wengi duniani wamepungukiwa na kimeng'enya cha kuisaga laktosi, ila si kwa kiwango kimoja. Anayeshindwa kikombe kizima huweza kumudu nusu pamoja na chakula. Mtindi ujaribu siku nyingine, kwa sababu bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi.

Ngano: chapati ya unga, maji, chumvi na mafuta tu. Nusu, kisha moja, kisha mbili. Maharage: loweka saa 12, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Anza na vijiko viwili vya chakula, robo kikombe, nusu kikombe. Kitunguu maji: kijiko kimoja cha chakula kilichokatwa, viwili, kisha nusu ya kitunguu, ndani ya chakula unachojua hakikusumbui. Dalili zikipanda, simamisha hapo, subiri tumbo litulie, ndipo uende kwenye kingine.

Chapati na kitunguu vikikusumbua vyote viwili, na kipimo cha seliaki kilionyesha huna, shuku fruktani, ambayo imo kwenye ngano pia, kabla ya kulaumu gluteni. Hapo kipande kimoja cha mkate huenda kikapita bila tatizo, vinne visipite, na huna sababu ya kununua unga ghali usio na gluteni. Midomo ikivimba, vipele vya kuwasha vikitoka au pumzi ikibana, hiyo ni mzio: nenda hospitali mara moja, na chakula hicho usikijaribu tena nyumbani.

Majibu hayakai milele. Aliyeshindwa maziwa baada ya kuharisha kwa muda mrefu ayajaribu tena miezi michache baadaye, kwa robo kikombe ileile ya mwanzo, kwa sababu ukuta wa utumbo ukipona kimeng'enya huweza kurudi.